Ukame si Jina la Mahali

Muhula uliopita nilikwenda Garissa kuwakagua wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya ualimu. Hii ni kazi ambayo kila mhadhiri anayefundisha walimu huifanya, na aghalabu huifanya huku akitazama saa yake. Siku ya pili niliketi nyuma ya darasa la Gredi ya Sita, katika shule moja isiyo mbali na mto Tana, nikamsikiliza mwanafunzi wangu, kijana kutoka magharibi mwa nchi, akifundisha Mafunzo ya Jamii. Mada ilikuwa kaunti yetu. Akauliza, "Nani atanitajia mambo yanayoitambulisha Garissa?" Mikono ikainuka. Wa kwanza akasema ukame. Wa pili akasema umaskini. Wa tatu, msichana mdogo aliyeketi karibu na dirisha, akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, ukosefu wa usalama." Mwalimu akayaandika yote matatu ubaoni, akawasifu, akaendelea na somo.

Kijana wangu hakukosea kwa kipimo cha mtihani. Hata mimi, nilipokuwa na umri wa watoto wale, ningalijibu hivyo hivyo na kupewa alama zote. Lililonikata maini ni kuwaona watoto wakiieleza nyumba yao wenyewe kwa majina matatu ya kukosa: kukosa mvua, kukosa mali, kukosa amani. Wakati wa mapumziko nilimwita yule msichana nikamwuliza ngamia anaitwaje kwa Kisomali. Akacheka, kana kwamba nimeuliza swali la mtoto mchanga. "Yupi?" akaniuliza. Kisha akanihesabia kwa vidole: geel ni ngamia kwa ujumla wao, hal ni jike, awr ni dume la kubebea mizigo, baarqab ni dume la mbegu, qaalin ni mtamba, nirig ni ndama, irmaan ni yule anayekamwa. Mtoto aliyekuwa na jibu moja la huzuni darasani alikuwa na elimu tele uwanjani.

Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu hula kwa kuyachunguza maneno. Leo, kwa idhini yako msomaji, nataka kulishtaki neno moja, nalo ni ukame.

Katika Kiswahili cha siku hizi tunalitumia neno hili kwa mambo mawili yasiyofanana. Nchi isiyopata mvua nyingi kwa desturi yake tunaiita nchi kame, na hali yake tunaiita ukame. Kisha mvua inapokosekana kinyume cha desturi, mifugo ikafa na watu wakahangaika, tunaiita hali hiyo nayo ukame. La kwanza ni tabia ya nchi. La pili ni msiba. Kuyaita yote mawili kwa jina moja ni sawa na kumwita kila mtu mwembamba mgonjwa. Matokeo yake ni kwamba siku anapougua kwelikweli, hakuna anayeshtuka.

Wasomali hawayachanganyi mambo hayo. Kiangazi kikali cha Januari hadi Machi hukiita jilaal, nacho huja kila mwaka, na kila mfugaji amekwisha kujiandaa nacho. Msiba wa kukosa mvua huitwa abaar, na abaar kubwa hupewa jina lake kama apewavyo mtoto. Ile ya 1974 na 1975 hukumbukwa kwa jina la Dabadheer, yaani mkia mrefu, kwa jinsi ilivyojikokota bila kwisha. Mwaka wao una majira manne: Gu, mvua zinazoanza kama mwezi wa Aprili, Xagaa, miezi ya katikati ya mwaka yenye upepo, Deyr, mvua fupi za kuanzia Oktoba, na Jilaal yenyewe. Mswahili wa pwani atatabasamu asikiapo hivyo, kwa maana yeye pia anayo manne: masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Pepo zinazoyaleta ni zile zile. Iweje basi jirani ambaye kalenda yake yafanana na yetu tumpe jina la msiba wa kudumu?

Hebu tuitazame nchi yenyewe. Uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao tangu 2013 umekuwa kaunti tatu za Garissa, Wajir na Mandera, una eneo la takriban kilomita mraba 127,000. Hilo ni zaidi ya fungu moja kwa tano la Kenya nzima, na ni kubwa kuliko nchi ya Malawi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera, ambao kwa jumla wanakaribia milioni mbili na nusu. Sehemu kubwa ya nchi hii ni tambarare ya vichaka na migunga. Kusini-magharibi hupita mto Tana, mrefu kuliko yote nchini, unaozaliwa katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Kaskazini, mto Daua huitenga Mandera na Ethiopia. Ewaso Nyiro huteremka kutoka nyanda za juu hadi ukapotelea katika kinamasi cha Lorian. Kwingineko kuna laga, mikondo ya mchanga inayojaa maji kwa siku chache kisha ikayaficha chini. Na chini ya sehemu za Garissa na Wajir imo hazina ya maji iitwayo Merti, ambayo huwanywesha watu wa Habaswein pamoja na wakimbizi wa Dadaab.

Ramani ya huko ni kamusi ya maji. El Wak ni kisima cha Mungu, kwa kuwa ceel ni kisima, na Waaq ni jina la kale la Mwenyezi Mungu miongoni mwa Wakushi. Lagdera ni laga ndefu. Malka Mari imebeba neno malka, kivuko cha mto. Waliozipa sehemu hizi majina walizitaja kwa kile walichokikuta, si kwa kile walichokikosa. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Visima vya Wajir, vilivyokuwa vikinywesha ngamia kabla mkoloni hajafika, vina wenyewe, vina zamu na vina sheria, na wazee ndio wanaozishika sheria hizo.

Na watu je? Tumezoea kusema "Wasomali" kana kwamba tunamtaja mtu mmoja. Wako Waogaden wa Garissa na matawi yao ya Abudwak, Aulihan na Abdalla. Wako Wadegodia na Waajuran wa Wajir. Wako Wagarre na Wamurule wa Mandera. Ukingoni mwa Tana wanaishi Wamunyoyaya, wavuvi na wakulima ambao lugha yao ni ya jamii ya Kioromo. Pamoja nao wako Wamalakote, ambao Kiilwana chao ni lugha ya Kibantu, ndugu wa Kipokomo na wa Kiswahili, iliyopokea mengi kutoka Kioromo kwa sababu ya ujirani wa muda mrefu. Katika misitu ya upande wa Ijara wako Waaweer, tuliozoea kuwaita Waboni, na lugha yao ni jamaa wa Kisomali. Kwa mtu wa taaluma yangu, safari ya siku mbili katika nchi hii ni sawa na kufungua maktaba.

Ujirani wa Kisomali na Kiswahili wenyewe ni mkongwe kuliko mipaka ya leo. Chimiini cha Barawa na Kibajuni cha visiwa vya Kismayu ni lahaja za Kiswahili, nazo zilizaliwa katika pwani ambayo leo ni ya Somalia. Tunachokiita mwalimu, wao hukiita macallin. Kalamu kwao ni qalin, soko ni suuq, safari ni safar, wakati ni waqti, dalali ni dilaal. Sote wawili tulikopa kwa Mwarabu, kila mmoja akayavika maneno hayo nguo za kwao. Mwalimu wa Kiswahili anayepelekwa Garissa akiwa na jozi ishirini za namna hii mfukoni, tayari ana somo la wiki nzima.

Badala yake, mtoto hupokewa kwa kicheko. Kisomali hakina sauti za p, v wala z. Mtoto anayesema "besa" kwa pesa na "fitabu" kwa vitabu si mjinga, ila ana masikio yaliyolelewa na lugha nyingine. Nimewahi kuketi katika darasa ambamo mwalimu alimrudisha mtoto mara tatu katika neno moja mpaka wenzake wakaangua kicheko. Mtoto yule hakuinua mkono tena siku ile, na sidhani aliuinua kesho yake.

Tukija kwenye uchumi, namwalika msomaji aende soko la mifugo la Garissa siku ya Jumatano, kabla jua halijapanda. Ni mojawapo ya masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki. Wengine kati ya ng'ombe hao wametembea masafa marefu kutoka bonde la Juba nchini Somalia, na kutoka hapo hupelekwa Nairobi na Mombasa. Huenda nyama uliyokula juzi ilipitia uwanja huo. Dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, na neno lake ndilo dhamana kwamba ng'ombe si wa wizi. Asiye na wa kumdhamini hauzi. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi walidhani biashara hii ingekufa pamoja nayo. Kumbe ilizidi kukua, kwa sababu ilijengwa juu ya uaminifu wa watu kabla ya kujengwa juu ya mihuri.

Isitoshe, kina mama huuza maziwa ya ngamia katika madumu, na kwa mapato hayo hulipa karo. Kandokando ya Tana mna mashamba ya ndizi, maembe, tikiti maji na nyanya. Nyika za Wajir na Mandera hutoa ubani na manemane. Na lile jua tunalolilaani vitabuni, limekuwa likitiwa katika nyaya za taifa na kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50. Basi yawezekana kabisa kwamba taa anayosomea mwanafunzi wa Nairobi hupata sehemu ya mwanga wake kutoka mkoa "uliokosa kila kitu".

Nchi yenye haya yote ilipataje kujulikana kwa kukosa? Naona kwamba jina lilitangulia na sera ikafuata. Mkoloni aliifanya nchi hii, aliyoiita kwa herufi za NFD, kuwa eneo lililofungwa, asiingie mtu wala asitoke bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, vilivyodumu hadi 1967, na sheria za hali ya hatari ambazo hazikuondolewa mpaka 1991. Mwaka 1965 Waraka wa Serikali Nambari 10 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwenye ardhi nzuri yenye mvua na barabara, na kwa watu walio tayari kuyapokea. Aliyekwisha kuitwa kame alifungiwa mlango kwa maandishi. Tena hakunyimwa tu. Mauaji ya Bulla Karatasi mjini Garissa mwaka 1980 na yale ya Wagalla karibu na Wajir mnamo Februari 1984 yalifanywa na vikosi vya serikali yenyewe, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaeleza katika ripoti yake ya 2013. Ndiyo maana hadi leo utamsikia mzee wa huko, apandapo basi la Nairobi, akisema kwamba anakwenda Kenya. Wengi hucheka. Mimi husikia humo sarufi ya miaka mingi.

Mwaka 1966, katikati ya vita hivyo, wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikapotea. Dhana kwamba mtu anayehama hajui kuishi haikuzuliwa Kenya. Huko Asia ya Kati, Wakazaki, ambao nao walikuwa wafugaji wa nyika pana, walilazimishwa na utawala wa Kisovieti kuacha kuhama mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mifugo yao iliangamia, na zaidi ya watu milioni moja walikufa kwa njaa. Walioamua hayo walikuwa wasomi wa mijini waliojua mengi, ila hawakujua kwamba kuhama ni kuisoma mvua.

Najua atatokea msomaji wa kuniambia, "Daktari, wacha mambo ya msamiati. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Ng'ombe waliokufa hawakufa kwa maneno." Nakubaliana naye. Ile ilikuwa abaar, na wala sikusudii kuipamba. Lakini kwa sababu tulikwisha kufundishana kwamba ukame ndiyo hali ya kila siku ya huko, habari zake zilipokelewa kama habari za jua kuchomoza. Msiba usiotofautishwa na desturi hupata msaada umechelewa, na desturi isiyotofautishwa na msiba hupelekewa magunia ya mahindi badala ya barabara, masoko na walimu.

Msomaji huyo atanikumbusha pia damu iliyomwagika. Tarehe 22 Novemba 2014 watu 28, wengi wao walimu, walitolewa katika basi la kutoka Mandera wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na wengi mno walikuwa wanafunzi kama hawa ninaowafundisha. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Simlaumu hata kidogo mwalimu aliyeondoka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ninachosema ni kwamba walimu walihamishwa, ila watoto hawakuhamishwa.

Na maadamu tunahesabu, tuhesabu yote. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilisimamishwa na wenye bunduki. Waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alikuwa mmoja wao. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Hilo nalo ni jambo linaloitambulisha Kaskazini Mashariki. Mbona halikuandikwa ubaoni?

Sitaki kumaliza kwa kulalamika tu, kwani mlango umeanza kufunguka. Garissa ina chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2017, na Februari 2025 Rais alitangaza kuukomesha usaili wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakaazi wa kaunti za mipakani walipoomba vitambulisho. Yaliyobaki ni yetu, sisi watu wa chaki na vitabu.

Kwanza, walimu wa Kiswahili na wa Mafunzo ya Jamii tuyatenganishe maneno. Kiangazi kiwe kiangazi. Ukame uwe jina la msiba, wenye mwaka wake na mwisho wake. Nchi yenyewe tuiite nyika, neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani, na ambalo halimtangazii mtu njaa kabla hajaulizwa hali.

Pili, tuitimize ahadi tuliyojiwekea. Tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 imekubaliwa kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya kwao katika madarasa ya chini, na Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuziendeleza lugha za wenyeji. Kisomali kina maandishi rasmi ya Kilatini tangu 1972, kwa hiyo hatuna kisingizio cha alfabeti. Mtoto akijua kusoma qalin, hatapata taabu kusoma kalamu. Wala tusiwasahau Wamunyoyaya, Wamalakote na Waaweer, ambao lugha zao hazina watetezi wengi.

Tatu, vijana wa huko wasomeshwe ualimu kwa wingi na kwa haraka, ili usalama wa somo usitegemee basi litokalo Nairobi. Nanyi wanafunzi wa vyuo vikuu mnaotafuta mada za tasnifu, acheni kuandika kwa mara ya mia juu ya yale yale. Nendeni mkasikilize ngamia wanavyoitwa.

Jioni ile ya ukaguzi mwanafunzi wangu aliniuliza amefanyaje. Nilimwambia kwamba mpangilio wa somo ulikuwa mzuri, sauti nzuri, na muda aliuzingatia. Kisha nikamwomba kesho yake arudie swali lake kwa namna nyingine, yaani awaulize watoto Garissa ina nini. Akarudia. Kwa dakika moja darasa lilinyamaza, wakidhani ni mtego. Kisha mtoto mmoja akasema mto. Mwingine akasema soko. Yule msichana wa dirishani akasimama akataja ngamia, na alipoulizwa amtaje vizuri, akaanza: hal, awr, qaalin. Kijana wangu aliandika mpaka ubao ukajaa, ikabidi afute upande mmoja ili apate nafasi. Akafuta yale maneno matatu ya jana.